Jiwe Lililomshikia Bibi Nafasi

Wiki iliyopita jirani yangu alikuwa akipaka ukuta wake chokaa. Nilikuwa ndani nimeinamia kazi yangu, dirisha likiwa wazi, na ile harufu ikaingia bila kubisha hodi: harufu ya chokaa mbichi iliyotoka kumiminiwa maji, chungu kidogo, baridi kidogo, inayokaa kwenye koo kama umelamba ukuta. Nikaacha kuandika. Wengine wakiisikia hukumbuka sikukuu, maana nyumba nyingi hupakwa chokaa Krismasi inapokaribia. Mimi hukumbuka kaburi. Wala msinionee huruma, kwa sababu kumbukumbu yenyewe, kila inaponijia, huanza kwa kunichekesha.

Nilikuwa darasa la tatu. Wazazi wangu walikuwa walimu katika kijiji cha mbali, wakanileta Tabora mjini nisome nikiwa kwa shangazi yangu Yuditha, dada yake baba, pale Mtendeni. Nyumba ilikuwa ya wanawake watatu: Shangazi, Bibi Kalunde aliyewazaa yeye na baba yangu, na mimi Nyamizi, niliyejihesabu mwanamke kamili kwa kuwa nilikuwa na ndoo yangu mwenyewe ya kuchotea maji.

Niseme kidogo kuhusu hiyo ndoo, maana bila ndoo hamtaelewa yanayofuata. Bomba la mtaa wetu lilitoa maji likipenda. Kwa hiyo watu hawakupanga foleni wao wenyewe, walipanga vitu. Ukipita pale asubuhi ungekuta mstari wa madumu yaliyotoboka, ndoo mbovu, matofali nusu, sufuria isiyo na mpini, mawe. Kila kitu kimetulia kwa adabu kikimngoja mwenyewe, na mwenyewe yuko nyumbani anapepeta mchele. Kitu chako kikiwa pale, nawe uko pale. Aliyethubutu kukisogeza bila ruhusa alisikia habari za ukoo wake wote zikitangazwa hadi sokoni. Mimi nilikuwa na jiwe langu la bombani, jekundu, lenye pembe moja iliyovunjika, na nililiheshimu kuliko daftari zangu.

Shangazi alikuwa mpiga picha. Alikuwa na studio ndogo yenye pazia lililochorwa maporomoko ya maji ambayo hakuna mtu wa Tabora aliyewahi kuyaona, na nyuma yake chumba cha giza alichosafishia picha. Mikono yake ilinuka dawa hata siku ya harusi. Riziki yake ilitokana na picha za pasipoti, na harusi, na makaburi. Ndiyo, makaburi. Kwetu, marehemu akishakaa muda, familia hukusanyika kumjengea kaburi: matofali, lipu, msalaba, chokaa. Kazi ikiisha watu hujipanga kulizunguka, wamevaa vizuri, wengine wanalia, wengine tayari wananusa pilau, na mpiga picha huitwa ili ndugu walio mbali nao waone kwamba mtu wao amestiriwa.

Lakini Shangazi alikwenda zaidi ya hapo. Jumapili baada ya ibada alinipakia kwenye baiskeli yake, kamera ikiwa imefungwa kwenye khanga, tukaifuata njia ya zamani ya misafara kuelekea Kwihara na kwingineko, akitafuta makaburi yasiyo na wenyewe. Yalikuwapo ya wafanyabiashara wa zamani, yamejengwa juu ya ardhi kwa mawe na chokaa, marefu kama vitanda, yenye kuta fupi pembeni. Mengine yalikuwa yamepasuka na mti umeota katikati. Na kando ya njia yalikuwapo ya wapagazi walioishiwa nguvu wakiwa na mizigo mabegani: chungu za mawe tu, zimezama kwenye majani. Shangazi aliyapiga yote kwa uangalifu uleule, akingojea jua liinamie upande ili kila jiwe lipate kivuli chake. Alikuwa na shabaha moja ambayo hakuna aliyeielewa: kwamba asiwepo mtu aliyelala pembeni mwa njia ile asiye na picha.

"Wafu ni wateja wazuri," alisema. "Hawapepesi macho. Na hajarudi hata mmoja kunilalamikia kwamba nimemtoa mweusi."

Mtaani walimtania bila huruma. Fundi baiskeli wa pale kona alikuwa akituona tu anaweka chini bisibisi yake. "Yuditha! Leo umempiga nani pasipoti? Amepata safari ya wapi tena huyo?"

"Amenipa salamu zako," Shangazi alimjibu. "Anauliza utakuja lini."

Bibi naye alijifanya hapendi. "Mwanangu, walio hai wamekuishia?" Lakini picha zikikauka, wa kwanza kunyoosha mkono alikuwa yeye. Alizisogeza karibu na pua, akazikagua kama anayechagua khanga dukani. "Hili limejengwa vizuri. Hili je, fundi wake alikuwa na haraka ya kwenda kunywa."

Alikuwa na haki ya kukosoa, kwa sababu Bibi alikuwa na kaburi lake mwenyewe.

Msishtuke. Kijiji chetu kiko nje ya Bukene, penye stesheni ya reli iendayo Mwanza, na kimekaa kwenye mbuga ya udongo mweusi. Kiangazi udongo huo hupasuka hadi mguu wa mbuzi unaingia. Masika hujaa maji kama sifongo. Chimba hadi magotini, maji yanakukaribisha. Kwa hiyo anayefariki masika pale halazwi chini. Hulazwa juu ya ardhi, kwenye kitanda cha mawe, na kujengewa nyumba ndogo ya matofali kumzunguka, inayofunikwa, kupigwa lipu na kupakwa chokaa. Watu wa pale huiita chumba. Babu yangu alifariki masika kabla sijazaliwa. Matofali yaliyokuwa yamewekwa akiba chini ya paa la nyasi yakatosha zaidi ya mtu mmoja, basi wakajenga vyumba viwili vilivyoshikana: cha babu, wakakiziba, na kingine mkono wake wa kulia, cha Bibi, wakakiacha wazi.

Ila desturi ya pale haikubali chumba cha kaburi kikae kitupu. Lazima kitu cha mwenyewe kilale ndani, kimshikie nafasi. Bibi alichagua jiwe lake la kusagia, lile kubwa la chini alilokuja nalo alipoolewa, lililochimbika katikati kwa mtama wa miaka yote ya ndoa yake. Akaliingiza chumbani, akapangusa mikono, na miguu ilipoanza kumsumbua akaja zake Mtendeni kukaa na binti yake, akiwa na amani moyoni. Wageni waliposimuliwa walitoa macho. Mimi sikuhitaji maelezo. Nilikuwa mtoto wa bombani.

Nililala na Bibi kitanda kimoja, kitanda chake cha ndoa kilichosafiri kwa treni kutoka Bukene, chenye godoro la sufi lililozoea miili ya watu hadi likawa na mabonde. Yeye alilala kulia, mimi kushoto. Nikijisahau usingizini nikamvamia, alinirudisha kwa kiwiko. "Rudi kwako. Huko kushoto ni kwa babu yako, nimekuazima tu."

Siku moja, mvua zikiwa zimeisha, akapita kwetu Masanja, mtu wa Bukene aliyekuwa akileta karanga mjini. Alikaribishwa chai. Akanywa, akasifu mihogo, akatoa salamu za kila mtu mwenye pumzi kule kijijini, kisha akasema kwa sauti ya mtu anayetimiza adabu ya mwisho:

"Halafu, bibi, poleni na jirani."

"Jirani yupi?" Bibi akauliza.

"Si yule aliyelazwa kwenye chumba chako masika haya."

Kikombe cha Bibi kilibaki hewani. Masanja akamtazama, akanitazama, akatambua alichokifanya. Ghafla akakumbuka kwamba ana gunia stesheni. Aliondoka hata mihogo hakuimaliza.

Bibi hakulia. Hakupiga kelele. Na hapo ndipo palipotutisha, kwa kuwa bibi yangu alikuwa mgomvi wa vitu vyote: aligombana na redio, na kuku, na chai, na jua likichelewa kukausha michembe yake, vile vipande vya viazi vitamu. Kuanzia siku ile redio ilisema ilivyotaka, hakuna aliyeibishia. Kuku walipanda hadi mezani. Nililala kwenye kiti cha uvivu mchana kweupe kumjaribu, akapita zake. Alikaa mlangoni akipapasa paja lake kwa kiganja, taratibu, kama anayesaga kitu kisichoonekana.

Shangazi akajaribu kumtuliza. "Mama, nitampigia simu mtu wa stesheni amwite Baba Mdogo Luhende. Atatueleza." Babu Luhende ndiye mdogo wake marehemu babu, mwangalizi wa makaburi yetu.

"Luhende anajua kuongea tangu alipokuwa tumboni," Bibi akasema. "Usiniletee maneno, Yuditha. Maneno nimeshaletewa. Wewe unawapiga picha wafu wa watu ambao hata majina yao huyajui. Nenda ukanipigie mahali pangu nipaone. Na umpeleke huyu mtoto. Macho yake hayajajifunza kuficha."

Tukaondoka shule zilipofungwa. Shangazi alikuwa na mkanda mmoja wa filamu, uliobakiza picha chache, kwani wakati huo mikanda ilikuwa imeadimika mjini. Nakumbuka treni ilivyonuka mafuta na mapapai yaliyoiva kupita kiasi, na asali iliyokuwa ikivuja kwenye dumu la abiria mmoja, nyuki wawili wamepanda nayo bila tiketi. Shangazi aliikumbatia kamera njia nzima na hakusema utani hata mmoja.

Babu Luhende alitupokea kwa mikono miwili. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye kofia ya sufu hata kwenye jua.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mchumba wangu! Umekuja kunipikia?"

"Sijui kupika. Najua kuchota maji."

"Basi nimepata mke wa nusu. Karibuni, karibuni ndani."

Na ukarimu ukaanza. Sijawahi kukarimiwa vile maisha yangu yote. Shangazi akisema, "Baba Mdogo, twende tukawasalimie waliolala," yeye anasema, "Kwanza kuku." Kuku akaliwa. "Twende sasa, baba?" "Kwanza maziwa." Maziwa yakanywewa. Kukaletwa ugali wa mtama na nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, yamepikwa kwa karanga hadi yakawa mazito na matamu. Kukaletwa michembe. Kesho yake alitupeleka kuona ng'ombe, na kisima kipya, na mizinga ya nyuki, na mti uliopigwa na radi. Tuliona kila kilichokuwa kimesimama katika kijiji kile isipokuwa kaburi, na kila tulipokatiza kulielekea, Babu Luhende alikumbuka kitu kingine upande wa pili.

Nilishindwa kuvumilia wakati wa chakula cha mchana. Nilikuwa nimeshiba mno, na shibe humpa mtoto ujasiri.

"Babu," nikasema, "nani amelala mahali pa bibi?"

Mikono yote ikasimama juu ya sahani. Shangazi hakunikemea. Babu Luhende akavua kofia yake, mara ya kwanza nikaona kwamba ana mvi tupu. Akaikazia macho sahani yake, huyu mwenye maneno tangu tumboni. Ndipo mke wake, Bibi Sesilia, mama mnene mpole aliyekuwa akila pembeni ya jiko, akafuta mikono na kusimulia.

Alikuwa mwanamke kutoka Ulyankulu, miongoni mwa wale ambao wazee wao walikuja kutoka Burundi. Alikuja na maharage yake gulioni Bukene, mvua ikamkuta, akaomba hifadhi kwao. Homa ikampata hapo hapo. Maji yalikuwa yamefunika njia zote. Hakuna baiskeli wala mtu aliyeweza kupita kumpeleka hospitali au kwenda kwao. Alijiita Mama Esta tu. Alifia mikononi mwa Bibi Sesilia. Wanaume wakachimba mahali hadi mahali, na kila shimo likawa kisima. Matofali hayakuwapo, na masika hakuna anayeweza kuchoma mengine. Mvua haikatiki, mgeni yumo ndani amefunikwa shuka, na katika kijiji kizima palikuwa na chumba kimoja tu kilichojengwa, kikavu, kilicho wazi.

"Nilimwambia huyu apeleke habari kwa shemeji yake," Bibi Sesilia akasema. "Kila treni ikipita anasema, nitakwenda na ijayo."

"Ningemtazamaje?" Babu Luhende akasema, kwa sauti ndogo. "Nimempa mtu kitanda cha shemeji yangu."

Tukaenda.

Kaburi lilikuwa zuri. Nasema hivyo kwa kuwa ndivyo nilivyoliona: jeupe, lenye mabega mapana, limesimama juu ya ule udongo mweusi uliopasuka kama meli iliyotia nanga mahali pasipo maji. Chokaa yake ilikuwa mpya, na harufu bado ilikuwa hewani. Chumba cha babu kimezibwa kwa lipu ya zamani. Cha kulia kwake kimezibwa kwa udongo, juu yake chokaa, na msalaba mdogo wa mti.

Shangazi alifungua khanga, akatoa kamera, akaanza kutafuta mahali pa kusimama.

"Piga kutokea kule nyuma, mwanangu," Babu Luhende akasema. "Kule nyuma panapendeza."

"Nyuma kuna nini, baba?"

"Ukuta."

"Nimetoka Tabora kuja kupiga ukuta?"

"Yuditha, nisikilize." Alikuwa ameikunjakunja ile kofia mikononi. "Matofali nachoma kiangazi hiki hiki. Nitamjengea huyu mama chumba chake pale mbele, tutamhamisha, shemeji atarudishiwa mahali pake. Mpelekee picha ya nyuma. Akija kuona, pameshakuwa kama palivyokuwa."

Shangazi aliutazama ule msalaba mdogo. Najua sasa alichokuwa akikitazama: kuta kubomolewa, mtu aliyekwisha kupumzika kuondolewa, kwa mara ya pili hana pa kukaa. Upande wa pili, mama yake kule Mtendeni, anapapasa paja. Nilimwona akishusha kamera.

Mimi nilikuwa nimezunguka kaburi kutafuta kitu kimoja tu, na nilikipata. Upande wa kushoto wa babu, mahali palipokuwa patupu, Babu Luhende alikuwa amepanga matofali mawili, na juu yake akalilaza jiwe la kusagia, safi, limepakwa chokaa pembeni kuzunguka kama sahani ya sikukuu.

"Shangazi!" nikapiga kelele. "Bibi hajatolewa kwenye foleni. Amesogezwa tu!"

Babu Luhende alinigeukia. Sijui niwaelezeje uso wake. Kama mtu aliyebeba gunia mwendo mrefu, mtoto akamwonyesha pa kulitua. Shangazi alicheka, kicheko cha kwanza tangu Tabora, kisha akasimama mbele kabisa ya kaburi, pale ambapo hakuna kinachofichika.

"Kaa juu ya jiwe," akaniambia. "Kaa wima. Usitabasamu sana, ni makaburini."

Nikakaa. Jiwe lilikuwa na joto la jua, na lile bonde la katikati lilinipokea sawasawa.

Tuliporudi, Shangazi aliniruhusu kuingia chumba cha giza. Karatasi ililala kwenye beseni chini ya taa nyekundu, kwanza tupu, halafu udongo ukatokea, na nyufa zake, na kofia ya Babu Luhende, na magoti yangu. Kaburi lenyewe halikutokea. Chokaa ilibaki nyeupe vilevile, na dunia nzima ikajichora kuizunguka.

Bibi aliipokea picha kwa mikono miwili, akaipeleka dirishani. Tulisimama nyuma yake. Shangazi alimweleza yote, hakupunguza kitu: mvua, homa, mashimo yaliyojaa maji, shemeji anayeona haya, na ahadi ya kumhamisha mgeni.

"Anaitwa nani?"

"Mama Esta."

"Alipokuwa anakata roho, alikuwa na mtu wa kumshika mkono?"

"Mama Mdogo Sesilia alikuwa naye."

Kidole chake kilikwenda kutoka kwenye msalaba mdogo hadi kwa babu, kikarudi. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani analia.

"Huyu mwanaume!" akasema. "Maisha yangu yote ananiapia kwamba mke ni mimi mmoja. Nageuza kisogo naenda mjini kutibiwa miguu, kashapata mwingine. Tena chumba kile kile!"

Shangazi alikaa chini kwa kicheko. Bibi akafuta macho kwa ncha ya khanga, akaendelea, safari hii kama anayetoa maagizo ya kupalilia:

"Mwambie Luhende asibomoe kitu. Wale mafundi walikosea tangu mwanzo. Walinijengea kulia, na mimi kwa marehemu nimelala kushoto tangu naolewa. Nilinyamaza tu kwa sababu watu walikuwa wamelowa mvua, ningeanzaje kuwaambia wabomoe? Anijengee hapo alipokaa huyu mtoto. Huyo mama wamwache alale. Na hii chai nani kaipika? Haya si maji ya kuoshea vikombe?"

Jioni ile redio ilikiona cha moto. Kuku walirudi uani mbio. Nyumba yetu ikawa na amani.

Bibi aliagiza picha nyingine itolewe, akampa mfanyabiashara wa maharage aipeleke Ulyankulu, aulize makanisani ni nani mwenye mama aliyepotea na masika. Haukupita muda mrefu, akafika mlangoni kwetu msichana mwembamba mwenye kikapu kichwani, ameishika ile picha. Alikuwa Esta. Alipiga magoti kabla hajatua kikapu. Bibi akamwinua, akagomba kwamba amekonda, akamwambia neno ambalo Esta hulirudia hadi leo tukikutana: "Mama yako yuko pakavu, mwanangu. Na hayuko peke yake."

Bibi alifariki miaka mingi baadaye, kiangazi, mimi nikiwa chuoni. Kiangazi angeweza kuchimbiwa chini kama watu wengine, lakini hakuna aliyelitaja jambo hilo. Chumba cha kushoto kilikuwa kikimngoja. Asubuhi ya kumsafirisha, Shangazi aliniambia nitoe shuka kwenye kitanda chake ili waombolezaji wapate pa kukaa. Nikavuta shuka. Godoro la sufi likabaki wazi mbele yangu na mabonde yake. Kulia, bonde refu, lenye kina, la mwanamke aliyelala pale maisha yake yote. Kushoto, bonde pana la zamani la babu, na ndani yake kibonde kidogo, changu.

Nilisimama na shuka mikononi. Kila usiku wa utoto wangu alikuwa ameniambia kwa kiwiko chake. Huko kushoto ni kwa babu yako.

"Shangazi," nikasema. "Bibi alikuwa akilala kulia."

Shangazi hakushtuka. Alikuwa binti yao. Alizaliwa juu ya godoro lile. Alichukua pembe mbili za shuka, akanipa nyingine mbili.

"Kunja vizuri," akasema. "Na huko Bukene usije ukaropoka. Baba Mdogo Luhende atakuwepo, na Esta atakuwepo."

Sikuropoka. Babu Luhende, akiwa ameinama kabisa kwa uzee, aliniambia kwa fahari kwamba hatimaye shemeji yake amelala upande wake hasa, nami nikaitikia, "Ndiyo, babu." Esta alikuja na ndoo ya chokaa. Tulilipaka kaburi pamoja, vyumba vitatu vilivyoshikana, kwa brashi moja tuliyokuwa tukipokezana, na mwisho hatukuweza kuona tena wapi ukuta wa zamani unaishia na wapi mpya unaanza. Tumekuwa tukienda hivyo kila tunapoweza. Kamera ya Shangazi sasa iko kwangu.

Na ile picha ipo juu ya meza yangu ninapoandika, jirani akiendelea kupaka ukuta wake. Nimekaa wima juu ya jiwe, kushoto kwa babu, magoti yamebanana, najitahidi nisitabasamu sana. Kwa miaka mingi nilidhani nilipigwa picha ile ili Bibi aone mahali pake. Kumbe mahali pake palishachukuliwa, na hapo nilipokaa palikuwa pangu, upande ule ule alioniazima kitandani. Alinitazama nimekaa pale, akaamua kwamba panatosha. Nami bila kujua, mtoto wa bombani, nilikuwa nimemshikia nafasi.